Jibini ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa mdomo. Kariakoo wananijua hivyo. Nauza masufuria na vyombo vya plastiki, na kwenye kazi hiyo ukijifanya mpole utarudi nyumbani na mzigo wako wote. Lakini mbele ya mama mkwe wangu nilikuwa nanywea. Si kwamba alikuwa mkali, la hasha. Alikuwa mwema mno, na mtu mwema kumwambia hapana ni kazi.

Nyumba yake iko Magomeni, zile nyumba zetu za vyumba huku na huku, ukumbi katikati na ua nyuma. Uani, juu ya karo la kuoshea vyombo, pana msumari. Siku nyingi ukiingia pale ulikuta kitambaa cheupe kimening'inia kwenye msumari huo, kimefungwa fundo, kinadondosha maji kwenye bakuli. Ndani yake ni maziwa mgando. Yakishajichuja vya kutosha yanabaki mazito, meupe, laini, unayapaka kwenye chapati kwa kijiko. Anatia chumvi, mafuta kidogo juu, na pilipili ya kutwanga kwa anayetaka. Hiyo ndiyo jibini ya kwao. Bibi yake alifundishwa na jirani Mwarabu wa Kariakoo, enzi ambazo Kariakoo watu walikuwa wanalala, siyo sasa maghorofa yote ni maduka. Ya dukani nimeshaionja, haina ule uchachu. Jibini ile, jamani, na chapati ya moto! Hata sasa nikiitaja mate yananijaa.

Siri ya uchachu ilikuwa kwenye jagi. Jagi jeupe la bati, lenye mfuniko, limebanduka rangi kwenye mdomo. Humo alihifadhi mbegu, yaani maziwa yaliyokwisha kuganda, ambayo alikuwa akichota kijiko na kukitia kwenye maziwa mapya ili nayo yagande. Akichota, analijazia jagi maziwa mengine, mbegu inaendelea. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alifunua mfuniko, akafumba macho, akanusa. Kisha anasema, "Iko hai." Anafunika, ndipo siku inaanza. Mimi mwanzoni nilikuwa nacheka chinichini. Mtu anasalimia maziwa kabla ya kusalimia watu!

Mama yangu mzazi yuko Newala, mbali, na safari ya kuja mjini siku hizi miguu yake haiiwezi. Kwa hiyo nilipoolewa, huyu ndiye aliyekuwa mama. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, ikiwa imeshaanza kuonekana, yeye ndiye aliyenichukua kutoka chumba tulichopanga mtaa wa Gerezani akanipeleka kwake. Alinikanda maji ya moto, akaninywesha uji wa pilipili manga, na akina shangazi walipokuja na maswali yao ya nimekanyaga nini na nimepita wapi, aliwaambia, "Mwacheni mtoto wangu apumzike, chai ipo ukumbini." Hospitali hawakunieleza sababu. Walisema pole mama, hutokea. Nilikaa na hiyo hutokea kifuani mwezi baada ya mwezi.

Basi nilipoona nimeshika mimba tena, sikufurahi. Niseme ukweli, niliogopa. Nilitembea kama nimebeba sinia la mayai kichwani. Juu ya hayo, mimba yenyewe ikaja na vituko: natapika wali, natapika ndizi, natapika hata maji. Harufu ya vitunguu vikikaangwa na jirani ilinitoa mbio hadi chooni. Kitu kimoja tu kilikaa tumboni, jibini ya mama mkwe. Kila jioni baada ya kufunga biashara nilipanda basi la mwendokasi hadi Magomeni, nikala, nikajisikia mtu. Mama mkwe alinitazama nikila kwa furaha ambayo hata kuisimulia siwezi.

Kliniki ya mwanzo, nesi alinipima uzito, akaangalia kadi, akauliza, "Mama kijacho, umepungua. Nini kinakaa tumboni?"

"Jibini," nikamwambia.

"Ya dukani?"

"Ya mama mkwe."

"Maziwa anachemsha?"

Nikacheka. "Nesi, ukichemsha si unayaua? Yanaachwa na mbegu yake, yanaganda yenyewe."

Nesi hakucheka. Aliweka kadi chini, akanieleza taratibu, hakunifokea kama wengine wanavyofoka. Kwenye maziwa ambayo hayajapata moto, akasema, na kwenye jibini laini zinazotokana nayo, kunaweza kuwa na kijidudu. Mtu mwingine akikila anaweza kuugua homa kidogo akapona, au asijue kabisa. Kwa mjamzito kinaweza kuvuka kikamfuata mtoto, mimba ikatoka, au mtoto akazaliwa mgonjwa. "Na usiniambie una friji," akaongeza, "maana huyo hata kwenye friji anazaliana, polepole tu."

Mdomo wangu haukukaa. "Nesi, ukoo mzima umekula hiyo jibini na umezaa mpaka umejaza mtaa!"

"Ukoo siuoni hapa," akasema. "Naona wewe, na naona kwenye kadi umeshapoteza mmoja."

Nikaitazama ile kadi mezani.

Alipoona nimelegea, akanishika mkono. "Jibini sijakukataza. Maziwa yachemshwe kwanza, au ule ile ya pakiti iliyoandikwa kwamba maziwa yake yalipitishwa kwenye moto. Kama huna uhakika na iliyo mbele yako, itie kwenye mchuzi itokote kabisa, uile ya moto. Ukipata homa yoyote, hata ndogo, njoo siku hiyo hiyo." Nikashukuru kwa sauti ya chini na kutoka nje.

Sasa nani amwambie mama? Mume wangu anauza spea za magari pale Gerezani, mbele ya wateja ana sauti ya kupigia mnada. Nilipomweleza akaanza kujikuna kisogo.

"Mwambie wewe. Mambo ya wanawake hayo."

"Mama ni wako."

"Ndiyo maana. Mimi naogopa."

Msimcheke sana. Kwao, mkwe akikuandalia unakula, hata kama umeshiba unamega kidogo kwa heshima. Na mwenye mimba akiisukuma sahani ya mama mkwe, watu hawasemi hana hamu. Wanasema anamwogopa, anadhani ametiliwa kitu. Hilo likishatoka uani halirudi. Mwanamke ambaye alinikanda kwa mikono yake, leo mimi nimfanye aonekane mchawi? Niliiwaza sahani ile njia nzima.

Nikafika, nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa, leo imechuja vizuri." Akaniwekea. Chapati ina moshi. Tumbo langu lilikuwa linaililia ile jibini, haki ya Mungu. Nikaikazia macho sahani, nikasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza dawa chungu: nesi amesema hivi, kijidudu, maziwa mabichi, mtoto.

Akaweka kijiko chini. Kisha, "Amesema mimi mchafu?"

"Hapana mama! Amesema hata uwe msafi namna gani, kinatoka huko huko kwa ng'ombe."

Aliivuta sahani upande wake. Akamega chapati, akala ile jibini yeye mwenyewe, polepole, tonge kwa tonge, na mimi nimejikunja pale nasubiri radi. Alipomaliza akafuta vidole. "Kwa hiyo shida ni kuchemsha tu? Nami nilivyokuona umekunja uso nikadhani umekuja kuniambia unamwacha mwanangu." Tukacheka mpaka nikashika kiuno, na machozi yalikuwemo kwenye kicheko hicho.

Tangu hapo alichemsha. Muuza maziwa akileta dumu lake, mama anayamimina kwenye sufuria kubwa niliyomletea mwenyewe kutoka dukani kwangu, anasimama nayo. Yakipanda anaita, "Njoo uone! Usije ukasema bibi kizee amekudanganya!" Yanatokota mbele yangu, yanapoa hadi vuguvugu, anatia kijiko cha mbegu, anafunika na taulo. Kesho yake kitambaa kipo msumarini. Nilikula jibini kwa amani. Tumbo likajaa, mashavu yakarudi, wenzangu wa sokoni wakaanza kunitania kwamba nimemeza sufuria.

Kliniki iliyofuata, mama akasema tunakwenda wote. Alivaa baibui lake la sikukuu. Na mkononi, kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa bluu, alikuwa na jibini ya kumpelekea nesi. "Ametufundisha," akasema, "huwezi kwenda mikono mitupu."

Nesi alifurahi kweli. Alifunua, akanusa, akasifu. Mama akajieleza kwa fahari, maziwa yanatokota namna gani, anasimama nayo namna gani. Nesi anaitikia kwa kichwa, vizuri sana mama, vizuri sana. Kisha akauliza kwa kawaida tu, "Na mnagandishia nini?"

"Mbegu yangu," mama akasema.

"Mbegu umeitoa wapi?"

Hapo ndipo niliposikia habari ambayo hata mimi sikuwa nimeijua yote. Mbegu ile alipewa na mama yake siku anaolewa, ndani ya jagi lile lile. Mama yake naye alipewa na mama yake. Haijawahi kufa hata mara moja. Walihama nayo kutoka Kariakoo hadi Magomeni. "Na huyu," akanigusa bega, "nitampa akijifungua salama. Ndiyo tunu yetu sisi."

"Jagi lenyewe unalijazia maziwa gani?" nesi akauliza.

"Mabichi. Mbegu haipendi moto."

Sikusubiri nesi aseme. Mimi ninayeuza vyombo, ninayewaambia wateja kila siku kwamba ukiosha sufuria ukaipangusa na tambara la jana umefanya kazi bure, nilikuwa nimesimama pale pale jikoni nikitazama kijiko kile kikiingia kwenye maziwa yaliyochemshwa, na sikuona kitu. Tulichemsha, kisha tukarudisha ubichi kwa mkono wetu. Nikalishika tumbo langu kwa mikono miwili.

Nesi alieleza kwa upole uleule. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akalivuta kontena lake mezani, akalifunika, akaliweka mapajani. Halafu akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ile alipoila jibini yangu kimya kimya uani.

"Ile ya kwanza. Ilikuwa ni mimi?"

Yarabi. Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe yote yale, kuchemsha, kuniita nione, utani wa bibi kizee, alikuwa amebeba swali hilo.

Nesi alizunguka meza akaja kukaa kwenye benchi upande wake. "Mama, hakuna anayejua. Mimba hutoka kwa mambo mengi, na mengine hakuna wa kuyazuia. Mtu asikudanganye kwamba ni wewe, na mimi sitakudanganya kwamba najua. Hii ya sasa ndiyo tunayoweza kuilinda." Mama akaitikia kwa kichwa. Kwenye kituo cha mwendokasi alinishika mkono kama mtoto anavyoshikwa akivushwa barabara, na hakuuachia mpaka Magomeni.

Sikula tena jibini. Nilitafuna barafu, nikanywa uji wa ulezi, nikazoea. Lakini nilibaki roho juu. Mgongo ukiuma, nashtuka. Mtoto akitulia kidogo, nashtuka. Na kweli, homa ikaja. Nilikuwa dukani, jua kali la mchana, na mimi natetemeka meno yanagongana. Mwenzangu wa duka la jirani alimpigia simu mume wangu, mume wangu akampigia mama, na mama ndiye aliyefika wa kwanza. Sijui alipita wapi na ule msongamano.

Hospitalini daktari aliniuliza nimekula nini siku hizi. Kabla sijafungua kinywa, mama akasema, "Amekula jibini yangu. Maziwa tulichemsha lakini mbegu ilikuwa mbichi. Andika hivyo, mwanangu, usiandike vingine." Alisema kwa sauti kubwa, na wodi nzima ilisikia. Mwanamke wa Magomeni mwenye heshima zake, ambaye mitaa yote inamwamkia, alijitaja hivyo mbele ya watu wasiomjua ili daktari asipoteze muda kukisia. Nilikuwa na homa, lakini hilo nililisikia vizuri.

Walichukua damu. Walinilaza. Waliniwekea kile kifaa tumboni, na tukasikia moyo wa mtoto unakimbia tu, hauna habari na sisi. Mume wangu, mwenye sauti ya mnada, alitoka nje akalia kwenye korido. Majibu yalipotoka ilikuwa malaria. Nadhani sisi ndio watu pekee waliowahi kufurahia malaria. Nikapewa dawa, nikapona, alhamdulillahi, na mama akasema kwenye chumba cha Gerezani sirudi, nakwenda kwake hadi nijifungue.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikamkuta jikoni anachemsha chai. Kitu kilikuwa si cha kawaida na sikukijua mara moja. Kisha nikaelewa: hakunusa. Jagi lilikuwa limefudikizwa kwenye kichanja cha vyombo, kavu, limeng'arishwa.

"Mama, mbegu?"

"Nimemwaga."

"Lini?"

"Siku ile ile ya kliniki. Kabla sijavua baibui."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilijua maana yake, maana nilikuwa pale akisimulia: mama yake, na mama wa mama yake, na safari ya kutoka Kariakoo. "Lakini si ungempa binti yako wa Temeke akutunzie? Nikishajifungua tungeichukua."

"Wifi yako anayo tangu alipoolewa," akasema, akikoroga chai. "Nilimpigia simu nikamwambia amwage. Alilia sana. Nikamwambia hata wewe bado unazaa, mwanangu, kamwage sasa hivi nasikia." Akanisogezea kikombe. "Kunywa, inapoa."

Nililia juu ya chai ile mpaka ikapoa kweli, naye akaichukua akaipasha tena.

Nilijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti yangu. Arobaini yake ilifanyika Magomeni kwa maulidi na pilau. Wageni walipopungua mama mkwe akaingia chumbani na kitu kimefungwa kwenye khanga mpya. Akafungua. Jagi. Ndani yake, mtindi kidogo chini: alikuwa amenunua pakiti ya dukani, akachemsha maziwa, akachemsha jagi, akachemsha hata kijiko, akaanza upya.

"Niliahidi kukupa mbegu," akasema. "Ile sinayo. Nimekuja na hii. Nayo hii utailisha maziwa yaliyochemshwa, umesikia? Usiidekeze kama nilivyoidekeza mimi."

Nilichovya kidole nikaonja. Ananitazama usoni.

"Ikoje?"

"Mama," nikasema, "haijafika."

Akaangua kicheko, akapiga makofi. "Haijafika! Kweli kabisa, haijafika! Mimi ya kwangu nilipewa ikiwa kikongwe. Hii ina umri wa mwanao." Akaliweka jagi dirishani, akafuta macho kwa pembe ya khanga, akasema ni moshi wa pilau.

Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu hospitalini, marefu, na yote yalikwama. Nikafanya nililoweza, nikamchukua mtoto nikampakatisha yeye. Akamlaza kifuani, akainamisha uso hadi utosini kwa mtoto, akafumba macho, akanusa kwa muda mrefu.

"Yuko hai," akasema.